Sikio la Ukuta

Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati ya ubao mlango ulipogongwa, na kabla hajasema "ingia" ukafunguliwa. Aliyesimama pale alikuwa mama mmoja mwenye gauni jeupe la kazi, saa ndogo ikining'inia kifuani, viatu vimejaa vumbi kama vya mtu aliyekuja mbio kwa miguu. Nyuma yake alikuwa mwalimu mkuu. Darasa zima likasimama, viti vikakwaruza sakafu.

"Kaeni," alisema mwalimu mkuu. "Huyu ni mama yake Mlingoti. Ana jambo la kuwauliza. Mumjibu ukweli."

Mlingoti lilikuwa jina la utani, lakini hata walimu walilitumia. Msichana alikuwa mrefu kuliko wote shuleni, mfungaji wa timu ya netiboli, na jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa limesahaulika zamani.

Mama yule alitazama kiti kilichokuwa wazi karibu na dirisha. Ilionekana kama alitarajia kumkuta mwanawe amekaa pale, na mambo yaishie hapo.

"Ametoka nyumbani alfajiri," alisema. "Na sare yake, na begi lake. Nimeingia chumbani kwake nikakuta kabati limebaki nusu. Simu hapokei. Kama kuna aliyemwona, au anajua alipo, aniambie. Hata kama mmeambiana ni siri. Naomba."

Wanafunzi thelathini na wanane waliangalia madawati yao kana kwamba wanayaona kwa mara ya kwanza. Wote walijua kwa nini Mlingoti angeweza kuondoka. Ila kujua ni kitu kimoja, na kufungua mdomo mbele ya mama wa mtu ni kitu kingine.

"Naomba," mama akarudia.

Safu ya nne, kando ya ukuta, alikaa msichana mwembamba wa miaka kumi na sita aliyeitwa Pini. Jina hilo lilianza siku alipomeza pini ya mama yake, fundi cherehani, akiwa na miaka miwili, mtaa mzima ukakesha kuisubiri itoke. Pini ilitoka, jina likabaki. Mama wa Mlingoti alipokuwa akisema "naomba" ya pili, Pini alisikia simu ikitetemeka pajani pake, ndani ya mfuko wa siri alioushona mwenyewe kwenye bitana ya sketi. Simu zilikuwa marufuku shuleni. Ikatetemeka tena. Na tena.

Wakati wa masomo alikuwa akizima mitetemo yote isipokuwa mmoja: ule wa ujumbe uliotumwa kwa Sikio la Ukuta.

Sikio la Ukuta ilikuwa akaunti ya mtandaoni, na hakuna aliyejua mwenyewe ni nani. Ilianza mwaka uliotangulia, kama mzaha tu. Pini aliandika kwamba mwalimu wa jiografia amevaa soksi mbili zisizofanana, watu ishirini wakacheka. Akaandika la pili. Baada ya miezi miwili hakuwa na haja ya kutafuta habari, zilimjia zenyewe. Wanafunzi walimtumia kwa siri: huyu kaachwa, yule kanakili mtihani, baba wa fulani kafukuzwa kazi. Watu husema umbea hauna posho, lakini Pini aliiona posho yake. Yeye ambaye akinyoosha mkono darasani mwalimu humruka kwa macho, ambaye kwenye picha za pamoja huambiwa "sogea kidogo, unakata fremu," sasa alibonyeza kidole kimoja na shule nzima ikageuka kumsikiliza. Wafuasi walipita elfu moja. Wengi wao hawakuwa wanafunzi wa pale. Hakuwahi kujiuliza ni akina nani.

Jumapili mtu mmoja alimtumia picha. Ilimwonyesha Mlingoti kwa nyuma, akiwa amesimama mlangoni mwa kliniki ya wajawazito, urefu wake haufichiki. Pini aliitazama kwa dakika kama tano. Alijua, kama kila mtu mtaani alivyojua, kwamba mama yake Mlingoti ni muuguzi kwenye kliniki ile, na kwamba Mlingoti humpelekea chakula kila akiwa na zamu ya mchana. Hata mfuko wa chakula ulionekana mkononi, ukikaza macho. Lakini wiki hiyo akaunti ilikuwa imepoa. Pini akaukata mkono kwenye picha, akaandika: "Mfungaji wetu msimu huu watacheza wawili ndani ya jezi moja. Nani anamjua baba?" Akabonyeza.

Kufika Jumatatu asubuhi, wavulana walikuwa wakijipapasa matumbo Mlingoti akipita. Kocha alimwambia "apumzike kidogo" mashindano yapite. Baba yake, dereva wa lori aliyekuwa safarini, alitumiwa picha ile na mtu asiyemjua, akapiga simu kutoka huko huko barabarani na kufoka bila kuuliza. Mlingoti hakumjibu mtu hata neno. Kila alipomwona anakula peke yake, Pini alijiambia kuwa yatapita, la leo hufunikwa na la kesho. Sasa ilikuwa Alhamisi, na lilikuwa halijafunikwa.

Mama muuguzi na mwalimu mkuu walipoondoka, Pini alinyoosha mkono. "Mwalimu, naomba ruhusa nitoke."

Chooni aliingia chumba cha mwisho, ambacho komeo lake bado lilikuwa linafunga. Akatoa simu.

"Wewe Sikio la Ukuta," ujumbe wa kwanza ulisema. Ulitoka kwa Mlingoti. "Nakuandikia ujue kwamba umeshinda. Leo naondoka."

"Baba amesema akirudi asiuone uso wangu. Basi hatauona."

"Kuna mtu mmoja tu aliyenisikiliza wiki hii nzima, na sijawahi hata kumwona. Amenipatia timu mbali huko, wanatafuta wasichana warefu. Anakuja kunichukua. Haya, liandike na hilo."

Pini aliusoma mara mbili. Akaandika haraka: "Ni nani huyo mtu?"

"Ili umtangaze?"

"Hapana. Nakuuliza kwa wema."

"Wema!" Kisha akaongeza: "Anaitwa Kaka Faraja. Tangaza."

Jina hilo Pini alikuwa ameshaliona mahali. Akarudi nyuma kwenye jumbe zake, kidole kikiteleza kwa jasho, hadi akafika Jumapili. Dakika arobaini baada ya kuweka ile picha, mtu aitwaye Kaka Faraja alikuwa amemwandikia: "Haha, huyu dada mrefu ni nani? Nipe akaunti yake." Na chini yake lilikuwepo jibu la Pini mwenyewe: jina la akaunti ya Mlingoti, na kikatuni kinachocheka hadi kutoa machozi. Hata hakukumbuka kuliandika. Alikuwa akijibu watu kumi kwa wakati mmoja siku ile, amelewa vicheko.

Akaufungua ukurasa wa Kaka Faraja. Sura haikuwepo. Palikuwa na picha ya usukani wa gari, picha ya maua, na maneno ya kuwatuliza waliovunjika moyo. Akafungua orodha ya watu aliowafuata. Walikuwa zaidi ya mia mbili, na Pini alishusha, akashusha tena, akitafuta mwanamume mmoja, mama mmoja, mzee mmoja. Wote walikuwa wasichana. Wengi walikuwa ndani ya sare za shule.

"Mlingoti, usiende," aliandika. "Huyo mtu si mzuri. Uko wapi?"

"Leo Sikio la Ukuta linanifundisha nani mzuri."

"Anakuja saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo. Ukianza kuandika sasa utawahi."

Saa ya simu ilionyesha saa nne na dakika tano.

Pini alisimama, akakaa, akasimama tena ndani ya chumba kile kisichozidi hatua mbili. Angeweza kwenda kwa mwalimu mkuu na kusema amesikia tetesi. Lakini angeulizwa amezisikia kwa nani, na angeulizwa yuko wapi, na hilo la pili hakulijua. Mlingoti asingeuambia ukuta mahali alipo. Hakuna mtu mwenye akili zake angeuambia. Labda angemwambia mtu.

Akapiga moyo konde.

"Ni mimi Pini," aliandika. "Pini wa safu ya nne. Sikio la Ukuta ni mimi. Nilijua ulikuwa unampelekea mama yako chakula. Nilijua na nikaandika. Nitukane unavyotaka, ila niambie uko wapi."

Alama ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Dakika ikapita. Nje mtu alifungua bomba, akanawa, akaondoka. Dakika ya pili ikapita. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, wa sekunde kumi na tano. Pini akaibana simu sikioni.

Kwanza kulikuwa na ukelele mrefu wa mashine, msumeno unaoingia kwenye gogo, ukakua hadi ukaumiza sikio, ukakatika. Ndipo akasikia sauti ya Mlingoti, ya chini, haina hata hasira. "Pini? Mama yako ndiye aliyenishonea sketi hii. Alinipima mwenyewe. Akaniambia we kua tu mwanangu, mimi nitaongeza pindo." Msumeno ukalia tena, na ujumbe ukaisha.

Alipojaribu kujibu, simu ilikataa. Mlingoti alikuwa amemzuia.

Pini alisikiliza tena sekunde za mwanzo. Mashine ya kupasulia mbao. Mji ule ulikuwa na kiwanda kimoja tu cha mbao, kule njia panda ya barabara kuu, na upande wa pili wa barabara kulikuwa na kituo cha mafuta ambako magari ya safari ndefu husimama kujaza. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alifungua komeo na kukimbia na simu mkononi, peupe, mbele ya madirisha ya madarasa yote.

Ofisini mwalimu mkuu alikuwa ameshika simu ya mezani, na mama muuguzi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Wote wawili waligeuka.

"Najua aliko," Pini alisema, akihema. "Yuko kituo cha mafuta cha njia panda. Kuna mwanamume anakuja kumchukua saa tano kasorobo. Hamjui. Wamejuana kwenye simu."

Mama muuguzi alikuwa ameshasimama. "Nani amekwambia?"

Pini akaiweka simu mezani, katikati yao, akaisogeza kwa kidole kimoja. "Ameniandikia mwenyewe. Hakujua ni mimi. Sikio la Ukuta ni mimi."

Mama aliichukua simu. Alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye ile "Nilijua na nikaandika," alimwinulia Pini macho, na Pini akakaza shavu kusubiri kofi. Halikuja. Mama alimrudishia simu mkononi kwa utaratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mimi na wewe tutaongea siku nyingine," alisema. "Mwalimu, una gari?"

Gari la mwalimu mkuu lilikuwa dogo, kuukuu, la kuwashwa kwa kubembelezwa. Siku hiyo liliwaka mara ya tatu. Mwalimu aliendesha kwa mkono mmoja huku akiongea na polisi, na sauti ya askari ilisikika hadi kiti cha nyuma: mtoto ametoweka tangu lini? Zimepita saa nne tu? Hajaenda kwa rafiki? Na hiyo gari ya huyo mtu ni aina gani?

"Gari sijaiona, afande. Ningekuwa nimeiona ningekuwa nimeshaisimamisha mwenyewe," mwalimu alisema. "Njia panda. Kituo cha mafuta. Mtakuja au hamji?"

Walisema watakuja.

Mama muuguzi alikuwa akimpigia mwanawe. Iliita, ikaita, ikakatwa. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja: "Rudi nyumbani mwanangu..."

"Mama," Pini alisema kutoka nyuma. "Samahani. Usimwambie arudi. Hatarudi."

"Nimwambie nini basi? Niambie wewe unayemjua!"

Pini aliinama mbele. "Huyo mtu amemwambia nini kuhusu walivyokutana? Lazima amemwambia amemwona tu kwa bahati. Lakini aliniuliza mimi, Jumapili, huku anacheka. Nimepiga picha ya maneno yake kwenye simu yangu. Namtumia kupitia simu yako. Aone mwenyewe, na tarehe."

Mama alimpa simu. Pini aliihamisha picha kutoka simu yake, akaituma: "Haha, huyu dada mrefu ni nani? Nipe akaunti yake," na chini yake jibu lake mwenyewe, kikatuni na vyote. Mama akaichukua simu tena na kuongeza mstari mmoja: "Chakula ulichoniletea nilikula chote. Nakuja."

Ujumbe ukafika. Haukusomwa.

Mbele yao magari yalikuwa yamesimama. Barabara ilikuwa inatengenezwa, upande mmoja umechimbwa, na mfanyakazi mwenye bendera nyekundu alikuwa akipitisha magari ya upande wa pili, moja baada ya jingine, kama mtu asiye na mahali pa kwenda. Saa nne na dakika thelathini na mbili. Mwalimu alipiga honi. Mwenye bendera akainua kiganja: subira. Malori matatu yakapita, kisha trekta, kisha mwendesha baiskeli aliyebeba godoro. Mama muuguzi alifungua mlango ili ashuke.

"Kwa miguu hutafika, mama. Funga," mwalimu alisema. Akateremsha kioo. "Kaka! Tuna mtoto anataka kuibiwa huko mbele!"

Mtu yule alitazama gauni jeupe, akatazama uso uliokuwa juu yake, na bila kuuliza akasimama katikati ya barabara na bendera yake, akazuia kila kitu. Wakapita.

"Amesoma," mama alisema ghafla. Alama mbili zilikuwa zimegeuka rangi. "Amesoma! Mbona hajibu?"

Saa ilikuwa nne na dakika thelathini na tisa. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulianza kusikika kabla kituo hakijaonekana.

Kando ya pampu ya mwisho kulikuwa na gari la kijivu lenye vioo vyeusi, injini ikinguruma, mlango wa nyuma uko wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Begi la shule lilikuwa juu ya kiti. Mama alitoa mguno kama mtu aliyechomwa, akaruka kabla gari halijasimama sawasawa.

Sauti zilitoka nyuma ya jengo, kwenye vyoo. Mhudumu wa pampu, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya bluu, alikuwa ameegemea mlango wa choo cha wanawake, mikono kifuani. Mbele yake alisimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mteja.

"Dada yangu, nimeshakwambia, ni mdogo wangu huyo. Amekasirika tu, hasira za utoto. Sogea tuondoke, safari ni ndefu."

"Na mimi nimeshakuuliza anaitwa nani," mhudumu alisema. "Mdogo wako wa tumbo moja, jina limekupotea?"

"Mlingoti."

"Mlingoti! Mlishindwa jina, mkampa la nguzo ya bendera? Jina alilopewa na wazazi wake ni nani?"

Mwanamume alifungua mdomo, akaufunga. Ndipo alipoona gauni jeupe likija, na nyuma yake mwalimu mkuu, na nyuma ya mwalimu msichana mwenye sare. Akatabasamu. Pini hakuwahi kulisahau tabasamu lile, jinsi lilivyowahi kufika.

"Ahaa, ndugu zake ndio hawa. Vizuri, vizuri," alisema, huku tayari akirudi kinyumenyume. Akageuka, akatembea upesi, kisha akakimbia. Mlango ulibamizwa, begi likarushwa nje kwenye lami, na gari la kijivu likaingia barabara kuu bila hata kutazama upande.

Mwalimu alipiga kelele ya kutafuta kalamu. Mhudumu wa pampu akamwonyesha kiganja chake. Namba ya gari ilikuwa imeandikwa pale kwa wino mweusi. "Niliiandika tangu alipoomba ufunguo wa choo cha wanawake," alisema. "Mimi nina mabinti."

Mama muuguzi alikuwa ameweka paji la uso kwenye mlango.

"Ni mimi," alisema. "Fungua mama. Miguu imenichoka."

Komeo lilichukua muda. Mlingoti alitoka akiwa ameinama, kama mlango ni mfupi kuliko ulivyokuwa, simu kaibana kifuani kwa mikono miwili. Hakulia hadi alipoguswa. Kisha urefu wote ule ukamwangukia mama yake, nao wakashuka pamoja hadi chini, kwenye sakafu yenye maji, wakakaa.

Maelezo yalikuja kwa vipande. Mwanamume alifika kabla ya saa waliyopatana, na Mlingoti alikuwa ameshaingia garini, kiti cha nyuma. Mwanamume alimwomba simu yake amtunzie, naye Mlingoti akasema amalize kwanza kusoma ujumbe wa mama. Akaiona ile picha. Akamuuliza: "Kaka, ile siku ya kwanza nani alikupa akaunti yangu?" Akajibiwa: "Nani anipe? Nilikuona tu, moyo ukaniambia huyu anahitaji mtu." Basi Mlingoti akasema tumbo linamuuma.

Alipomaliza kusema hayo ndipo alipomwona Pini, aliyekuwa amesimama mbali, kwenye kona ya jengo, hajui miguu yake aiweke wapi.

"Ulijua mama anafanya kazi pale," Mlingoti alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini, sasa?"

Pini alitafuta sababu. Aliitafuta kweli, kwa sababu alitamani iwepo, hata iwe mbaya: wivu, ugomvi, kitu cha kushika. "Siku hiyo sikuwa na kitu kingine cha kuandika," alisema.

Mlingoti alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso.

Polisi walifika baada ya robo saa, wakaichukua simu ya Pini, wakanakili kila kitu. Jioni ile, akiwa amesimamiwa na mwalimu mkuu, Pini aliandika kwenye Sikio la Ukuta kwa mara ya mwisho: jina lake, kwamba habari ya Mlingoti ilikuwa ya uongo na yeye aliujua uongo huo, na kwamba yeyote aliyeandikiwa na Kaka Faraja akawaambie wazazi wake. Kisha akaifunga.

Waliomcheka Mlingoti walimgeukia yeye. Wale wale waliokuwa wakimpelekea siri za wenzao usiku na mchana sasa walimwita nyoka, na wengine walimwandikia mambo ambayo hakuweza kumsomea mtu. Shule ilimsimamisha wiki tatu. Nyumbani mama yake hakupiga kelele. Alisimamisha cherehani, akasikiliza hadi mwisho, nyuzi zikiwa zimemjaa mapajani, kisha akauliza swali moja tu: "Wangapi wengine?" Pini akasema hajui. "Basi kaa ukumbuke," mama akasema. Akampa daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma zilizokuwa hazijaandikwa. Pini alijaza kurasa sita za majina, na wiki hizo tatu walizitumia kwenda nyumba hadi nyumba, mama mbele, binti nyuma. Milango mingine ilifunguliwa. Mingine ilifungwa kwa kishindo.

Kwa akina Mlingoti mlango ulifunguliwa na baba, yule dereva, aliyekuwa amerudi safari. Alisikiliza msamaha wa Pini akiwa ameshika kitasa.

"Mimi sina la kukwambia, binti," alisema mwishoni. "Hata mwanangu mwenyewe bado natafuta la kumwambia." Akafunga mlango taratibu.

Ile namba ya gari ndiyo iliyomfikisha Kaka Faraja mikononi mwa polisi, siku tisa baadaye, katika mji mwingine. Alikutwa na simu nne. Kwenye moja kulikuwa na mazungumzo na wasichana kumi na mmoja, wa shule saba, na wawili kati yao walikuwa wameshapangiwa siku ya safari.

Wasichana waliitwa kutoa maelezo. Pini alifika na mama yake mapema, akakuta kwenye ukumbi wa kituo benchi moja tu, na kwenye benchi hilo Mlingoti amekaa, mama yake akiwa ameenda kutafuta maji. Ilikuwa mwezi mzima hawajaongea. Darasani Mlingoti alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha dirishani na timu ilikuwa imemrudisha, lakini kila Pini alipopita alikuwa akitazama nje.

Pini alibaki amesimama kando ya ukuta. Mama yake akajifanya anasoma matangazo. Dakika zikapita, mashine ya kuchapia ikigonga chumba cha ndani.

"Kaa," Mlingoti alisema, bila kumtazama.

Pini hakusogea.

"Nimesema kaa. Sijasema tumepatana."

Pini akakaa mwishoni kabisa mwa benchi. Mlango wa ndani ulipofunguliwa, afisa alichungulia na karatasi zake, akawaangalia wote wawili, akauliza nani ataanza.

Mlingoti alikuwa amekunja vidole hadi vimekuwa vyeupe. Pini akasimama.

"Naanza mimi," alisema, na kabla hajaulizwa akataja jina lake kamili, herufi kwa herufi, ili liandikwe bila makosa.